Unga, pesa ya simu au akaunti ya maafa: mchango wenu upitie wapi?

Kila yanapotokea maafa makubwa, ubishi ni uleule. Kundi la WhatsApp la ukoo, la kwaya, la msikiti au la waliosoma pamoja linajaa ujumbe: jamani tuchange. Hilo halina mpinzani. Mpinzani hujitokeza pale mtu anapouliza tuchange nini na tumkabidhi nani. Mmoja anataka lori la unga na blanketi liondoke kesho asubuhi. Mwingine anasema wapewe pesa, wenyewe wanajua walichopungukiwa. Wa tatu ana namba ya akaunti ya kamati ya maafa. Wa nne haiamini serikali wala mweka hazina wa kundi, yeye anataka Msalaba Mwekundu.

Ulinganisho huu ni kwa ajili ya kundi hilo. Nimeegemea zaidi matukio mawili ya Tanzania, kwa sababu yanafundisha mambo mawili tofauti. La kwanza ni tetemeko la Kagera la Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, la ukubwa wa 5.9, lililoua watu wasiopungua 17 na kuangusha nyumba zaidi ya 2,000. La pili ni maporomoko ya Hanang ya Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, ambapo sehemu ya mlima ilimeguka ikaporomoka na tope, miti na mawe hadi Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Huko nje nitachungulia Haiti, Nepal, Indonesia na Uturuki, kila moja kwa sababu yake.

Tupime kwa nini?

Mimi natumia vipimo vinne. Kasi: msaada unamfikia mtu baada ya siku ngapi. Kauli: nani anaamua kwamba kinachotakiwa ni sufuria, bati au nauli ya kumpeleka mtoto kwa bibi yake. Hesabu: baada ya miezi sita mtaonyeshwa kilichoingia na kilichotoka, au mtaonyeshwa picha tu? Na kinachobaki: ukirudi pale mwaka unaofuata, kuna nini ambacho kisingekuwepo bila mchango wenu.

Sikuweka nia njema kwenye orodha. Kila mchangaji anayo, kwa hiyo haimsaidii mtu kuchagua.

Njia ya kwanza: vitu

Kwa kasi, vitu vina sifa kuliko watu wa mjini wanavyokiri. Fikiria Katesh jioni ile ya kwanza. Tope limepita ndani ya nyumba na ndani ya maduka. Aliyetoka salama ametoka na nguo aliyolalia. Hata ungemtumia laki moja kwenye simu, simu yenyewe imo topeni, na muuza magodoro naye anasaka watu wake. Kwa siku hizo za mwanzo, lori linaloshusha chakula, maji na blanketi kwenye kambi za shuleni ndilo jibu, na kubishana kuhusu heshima ya pesa taslimu ni anasa.

Lakini kasi hiyo ni ya lori la kutoka karibu. Lori la Arusha au Singida linafika siku hiyohiyo. Kontena la nguo kutoka Ulaya au Muscat ni habari nyingine: linakusanywa, linasafiri, linakaa bandarini, na msamaha wa ushuru hauji wenyewe, unaombwa kwa barua. Likifika, mwathirika ameshapata nguo. Ndugu zetu wa ughaibuni hupenda kontena kwa sababu linaonekana. Naelewa, ila wapige hesabu ya usafirishaji kwanza, halafu waulize bei ya blanketi hizohizo sokoni Babati.

Kauli iko kwa mtoaji kabisa, na hapo ndipo vitu huharibu. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, mkoa wa Aceh huko Indonesia ulipokea maelfu ya tani za dawa. Nyingi hazikuwa zinahitajika, nyingine zilikuwa zimeisha muda, nyingine zina maandishi ya lugha ambayo wauguzi hawakuweza kuisoma, na kuziteketeza salama kukawa mzigo mpya. Nguo za mitumba hazina sumu, lakini nazo zinataka ghala, na zinataka watu wa kuzichambua wakati watu hao wanahitajika kwingine.

Hesabu yake ni ya ajabu kidogo. Magunia yanahesabika mbele ya kamera, mkuu wa wilaya anayapokea, kila mtu anapiga makofi. Kutoka ghalani hadi kwenye kaya, karatasi inakuwa nyepesi zaidi, na orodha ya mwenyekiti wa kitongoji ndiyo inayoamua kila kitu.

Kinachobaki kinategemea kitu chenyewe. Unga unaliwa, bati linakaa miaka. Kenya ilipoleta msaada Kagera mwaka 2016, ndani yake mlikuwemo mabati, pamoja na magodoro na blanketi, na bati kwa mtu ambaye kuta zake zimeanguka ni kitu cha kubaki nacho. Ila unga wa bure ukiendelea kumiminika baada ya duka la jirani kufunguliwa, muuza duka huyo, ambaye naye ni mwathirika, mnamfilisi mara ya pili.

Vitu vinawafaa walio karibu, wenye gari, wanaoweza kuondoka ndani ya siku mbili tatu, na ambao wamempigia simu mtu aliye eneo la tukio kabla ya kununua chochote.

Njia ya pili: pesa mkononi mwa mwathirika

Hapa kasi inategemea kilichofanyika kabla ya janga. Kaskazini mwa Kenya, katika Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, serikali ina mpango wa kutuma pesa kwa kaya maskini, na kaya nyingi zaidi zilikwisha kuandikishwa mapema. Ukame ukikaza, pesa inaongezwa na kupanuliwa kwa wengine bila kuanza kuhesabu watu upya. Pasipo na daftari kama hilo, wiki za kwanza zinaishia kwenye kuandikisha. Hapa Tanzania anayesajili laini upya anatakiwa kuweka alama ya kidole na kuwa na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, mzee anatumia simu ya mjukuu, na wakala wa pale mtaani pesa taslimu zimemwishia kabla ya saa nne.

Kwenye kauli njia hii haina mshindani. Mama aliyepoteza kuku, sare za watoto na dawa za presha atajua aanze na nini kuliko kamati yoyote. Hofu inayotajwa sana ni kwamba wanaume watainywa. Tafiti nyingi za mipango ya kugawa pesa, ya Kenya ikiwemo, hazikuona unywaji ukipanda kwa sababu ya pesa hizo. Hofu nyingine, ambayo mimi naiona nzito zaidi, haisemwi: pesa inaingia kwenye simu ya nani ndani ya nyumba? Kundi likiamua kutuma, lijadili hilo.

Hesabu ni safi kuliko zote, maana kila muamala unaacha kumbukumbu. Kasoro iko kwenye orodha ya majina tena, na kwenye makato: msiposahau kuweka ya kutolea, shilingi elfu kumi itakuwa elfu kumi kweli.

Kinachobaki kinaamuliwa na ukubwa wa kiasi. Nepal, baada ya tetemeko la 7.8 la Aprili 2015 lililoua karibu watu 9,000, serikali ilimpa mwenye nyumba iliyobomoka ruzuku ya rupia 300,000 kwa mafungu. Fungu la kwanza unaanza, mkaguzi anakuja kuona kama msingi umejengwa kwa kuhimili tetemeko, ndipo unapata la pili, halafu la tatu. Watu wengi walilalamika, kwa haki, kwamba pesa haikutosha na kwamba ilichelewa. Lakini nyumba zilisimama, kwenye viwanja vya wenyewe.

Sasa rudini kwenye kundi lenu. Milioni kumi mkiigawa kwa kaya 2,000 ni shilingi elfu tano kwa kaya. Hiyo ni kilo kadhaa za unga, na ada ya kutolea imeila kidogo. Kwa kundi dogo, pesa mkononi ina maana pale mnapochagua kaya chache mnazozifahamu, si mnapotaka kumfikia kila mtu.

Njia ya tatu: akaunti ya maafa ya serikali

Hapa nakaa zaidi, kwa kuwa hapa ndipo ubishi mkubwa wa Kagera ulipozukia, na haujaisha hadi leo ukikaa na Wahaya.

Baada ya tetemeko, serikali ilikusanya. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliongoza uchangishaji Ikulu akiwa na mabalozi na wafanyabiashara, kampuni zikatoa hundi, wananchi wakatuma kwa simu. Katika mwezi huohuo wa Septemba, Rais Magufuli alitengua uteuzi wa katibu tawala wa mkoa na mkurugenzi wa manispaa ya Bukoba kwa tuhuma za kufungua akaunti nyingine yenye jina linalofanana na ile rasmi. Waliokuwa wameshatuma wakaanza kukagua risiti zao.

Kilichowaumiza wengi zaidi kilikuja Januari 2017. Rais alipofika Kagera alieleza kuwa serikali haitamjengea kila mtu nyumba, kwamba si serikali iliyoleta tetemeko, na kwamba fedha zingeelekezwa kwenye miundombinu ya umma. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zilikuwa zimeharibiwa vibaya. Ihungo ilijengwa upya kwa msaada wa Uingereza ikazinduliwa Novemba 2017, na ni majengo ya kujivunia. Lakini mtu aliyekuwa akilala chini ya turubai Hamugembe, mjini Bukoba, alisikia redioni mabilioni yaliyochangwa kwa jina lake, akatazama bati lake lililopinda.

Tuwe wa haki kwa pande zote. Hoja ya serikali haikuwa upuuzi. Shule moja inahudumia mamia ya watoto kila mwaka. Zahanati ikianguka, hata ambaye nyumba yake haikuguswa ameathirika. Halafu kuna swali la kesho: ukiwajengea Kagera, utawaambia nini wa mafuriko Kilosa? Na fedha iliyokusanywa ilikuwa ndogo kuliko uharibifu. Hoja ya wachangaji nayo ilisimama. Waliotoa walitoa kama rambirambi, na rambirambi hupelekwa kwa mfiwa. Kama mwito wa kwanza ungesema "tunachangia kujenga shule na vituo vya afya", wengine wangetoa bado, wengine wangetafuta njia nyingine, na hakuna ambaye angejiona amezungukwa. Mimi lawama zangu naziweka hapo, kwenye tangazo la siku ya kwanza ambalo halikusema pesa ni ya nini, kuliko kwenye uamuzi wenyewe wa shule dhidi ya nyumba.

Hanang, miaka saba baadaye, mambo yalikwenda tofauti. Rais Samia alikatisha safari yake ya Dubai, alikokuwa kwenye mkutano wa tabianchi, akarudi. Jeshi lilitumika kuondoa tope. Na safari hii serikali iliahidi nyumba, ikazijenga eneo la Waret, zaidi ya 100, nyingine zikijengwa na Chama cha Msalaba Mwekundu. Ilichukua muda, kaya nyingi zilipanga au kukaa kwa ndugu zikisubiri.

Je, ni serikali mbili zenye mioyo tofauti? Wapo wanaosema hivyo. Mimi natazama ardhi. Kagera nyumba ilianguka lakini kibanja kilibaki: migomba ipo, kahawa ipo, makaburi ya wazee yapo. Mhaya huwezi kumhamisha kwenye kibanja ukampa nyumba namba 37 kwenye mstari. Alichohitaji ni saruji, bati na fundi anayejua kufunga lenta. Hanang kiwanja chenyewe kilifukiwa, au kimebaki kwenye njia ya tope litakalokuja. Hapo pesa ya simu haitoshi, kwa sababu ardhi salama, barabara na bomba la maji havinunuliwi na kaya mojamoja. Anayeweza kupima viwanja mia kwa mara moja ni serikali.

Kwa vipimo vyetu basi: kasi ni nzuri kwenye uokoaji, ndogo kwenye ujenzi. Kauli ya mwathirika ni ndogo, isipokuwa viongozi wa kijiji wawe na sauti. Hesabu inawezekana, maana Mkaguzi Mkuu yupo na Bunge lipo, ila taarifa ya matumizi haimfikii mchangaji wa elfu mbili bila kuulizwa. Kinachobaki ni kikubwa kuliko njia nyingine zote, na si lazima kiwe kile ulichokusudia.

Inawafaa wenye fedha nyingi, kampuni na taasisi zinazoweza kuandika barua ya kueleza mchango ni wa kazi gani na kudai majibu. Na inamfaa yeyote ambaye anaridhika kabisa pesa yake ikiwa tofali la shule.

Njia ya nne: shirika la misaada

Kasi yao ni nzuri mahali ambapo tayari walikuwepo. Msalaba Mwekundu una vijana wa kujitolea mikoani, wanaojua huduma ya kwanza na kutafuta waliopotezana, na walikuwa Katesh kabla ya kontena lolote. Shirika linalofika mara ya kwanza baada ya janga hutumia wiki zake kutafuta hoteli, madereva na wakalimani.

Kauli hutofautiana. Mengine yanagawa pesa taslimu siku hizi, mengine bado yanakuja na ndoo zenye nembo.

Kwenye hesabu, jina kubwa halikupi uhakika. Msalaba Mwekundu wa Marekani ulikusanya karibu dola milioni 500 kwa ajili ya Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010. Uchunguzi wa waandishi wa ProPublica na NPR mwaka 2015 ukaeleza kuwa nyumba za kudumu ilizojenga zilikuwa 6. Shirika lilijitetea kwamba liliwasaidia zaidi ya watu 130,000 kupata makazi kwa njia nyingine, kama kodi na ukarabati. Uturuki, baada ya tetemeko la Februari 2023, ilibainika kuwa Hilali Nyekundu ya nchi hiyo, ndugu wa Msalaba Mwekundu, iliuza mahema kwa shirika jingine la misaada, Ahbap, kwa lira milioni 46 wakati watu wamelala kwenye baridi. Mkuu wake alijiuzulu Mei mwaka huo.

Upande wa pili nao upo. Madaktari Wasio na Mipaka, wiki moja hivi baada ya tsunami ya 2004, walitangaza kuwa wamepata za kutosha kwa kazi yao ya huko na hawapokei tena kwa ajili hiyo, wakawaomba waliokwisha kutoa ruhusa ya kuzipeleka kwenye majanga mengine. Wenzao wengine walinuna. Ukitaka kujua shirika la kuliamini, uliza kama limewahi kusema "inatosha".

Kinachobaki: ujuzi, visima, nyumba pale walipojenga. Njia hii inawafaa walio mbali, wasio na ndugu eneo la tukio, na wasio na muda wa kufuatilia wenyewe. Zingatia tu kuandika kama mchango ni wa janga hilo peke yake au wa mfuko wa jumla. Mfuko wa jumla hauna mvuto, lakini ndio unaonunua mahema kabla mvua haijanyesha.

Sasa mchague

Kama ni siku ya kwanza hadi ya tano na mko mkoa wa jirani, pelekeni vitu, vichache na vya aina moja. Lori zima la blanketi linagawika kirahisi. Lori la mchanganyiko wa viatu, vyombo na madaftari linalala ghalani.

Kama maduka yamefunguliwa na bodaboda zinazunguka, acheni kununua. Tumeni pesa, kwa kaya mnazozijua au kupitia anayegawa pesa.

Kama ni tetemeko, upepo au moto, na viwanja vya watu vipo salama, elekezeni nguvu kwenye ukarabati wa papo hapo: bati, saruji, malipo ya fundi, kwa mafungu kama Nepal. Kundi la watu 40 linaweza kusimamisha nyumba mbili likamaliza, badala ya kuzigusa mia.

Kama ardhi imekwenda, kwa tope, volkano au mto uliohama, mchango wa makazi upitie serikalini au kwa shirika linalojenga kwa makubaliano na serikali. Mkitaka kuwa na mchango wenu peke yenu, wapeni kaya chakula na kodi ya nyumba kwa miezi ya kusubiri.

Kama mko ughaibuni, sahauni kontena, isipokuwa mmeombwa kifaa ambacho hakipatikani nchini, na aliyewaomba ni hospitali yenyewe.

Kama mnatoa kwenye akaunti ya maafa, hakikini namba kwenye tangazo rasmi la Ofisi ya Waziri Mkuu au la mkoa, si kwenye ujumbe uliosambazwa, na ombeni kwa maandishi kazi ya fedha hizo kabla ya kutuma.

Na kama mmechelewa, miezi miwili imepita na michango yenu ndiyo kwanza imekamilika, ulizeni habari za wapangaji. Orodha nyingi za ujenzi huanza na wenye nyumba. Aliyekuwa na chumba cha kupanga amepoteza godoro, jiko na kibanda cha biashara, na mwenye nyumba mpya anadai kodi ya miezi sita mbele.